Mtunzi wa Muziki Hafifu

Kama umewahi kupanda lifti ya jengo la ofisi Maskati, ukashuka ghorofa ya sita, na hata ukiapishwa usiweze kusema kama mle ndani mlikuwa na muziki au hamkuwa, basi umeshakutana na Zahor bin Khalfan, na ujue siku hiyo alikuwa katika kilele cha sanaa yake. Zahor ni mtunzi. Si wa nyimbo za kuliza watu, wala za kuwainua vitini. Hutunga ule muziki unaokaa nyuma ya mambo mengine, umejikunja pembeni kama mgeni aliyekuja bila kualikwa na hataki kusumbua.

Kazi zake ni nyingi na zote zimefanikiwa, maana hakuna anayezikumbuka. Katunga muziki wa chemchemi inayorusha maji ndani ya duka kubwa. Katunga wa tangazo la jibini, ambalo watoto wa mwaka ule waliliimba mpaka mama zao wakaacha kununua jibini. Katunga wa utabiri wa hali ya hewa, nao ulidumu miaka bila kuguswa hata noti moja, kwa sababu hali ya hewa yenyewe haikubadilika: leo jua, kesho jua, keshokutwa jua na vumbi.

Kwa Kiarabu kazi hii ina jina la heshima zake: musiqa khafifa, muziki mwepesi. Khafifu ni kitu chepesi, kama pamba, kama kiupepo cha alfajiri. Balaa ni kwamba Kiswahili nacho kililichukua neno hilohilo, kikaidondosha kh yake njiani, na heshima ikadondoka pamoja nayo. Hafifu ya Kiswahili ni kitambaa kinachochuja rangi kwenye maji ya kwanza. Ni dari inayovuja. Ni mume anayerudi nyumbani mikono mitupu na ana njaa.

Na Zahor kazaliwa kwenye nyumba inayosema lugha zote mbili.

Mama yake, Bi Rayya, alizaliwa Unguja, akaja Omani msichana, na Kiswahili chake hakijapungua hata chembe. Kh zake anazo zote. Husema khabari, husema khatari, na akikuombea kheri unaweza kudhani anasafisha koo. Neno moja tu katika maneno yote aliliondolea kh kwa makusudi, nalo ni la kazi ya mwanawe.

"Mama, ni khafifu," Zahor alimwambia zamani, bado kijana, bado na matumaini. "Kwa kh. Maana yake nyepesi."

"Nnajua maana yake, na mimi n'shasoma. Na huo muziki wako n'shausikia," akajibu Bi Rayya. "Hafifu."

Msimlaumu sana bibi wa watu. Mtoto wa dada yake ni mhandisi wa petroli. Wa kaka yake mhandisi wa petroli. Wa jirani, ambaye alikuwa akila mchanga mpaka darasa la pili, mhandisi wa petroli. Yeye wake alitoka chuo kikuu mwaka wa kwanza, akakumbatia kinanda alicholetewa na mjomba kutoka Dubai, akasema kaitwa na sanaa. Bi Rayya aliuliza sanaa kamwita kwa ajili gani, hana watu wengine?

Hata siku ya posa halikuachwa neno hilo. Mjomba alimtambulisha Zahor kwa Kiarabu safi mbele ya watu wa Maram, binti aliyeposwa: mtunzi wa musiqa khafifa, na watu wakatikisa vichwa kwa adabu. Bibi yake Maram, mzee wa Kizanzibari ambaye Kiarabu alikiweka kwa ajili ya sala tu, akamgeukia Bi Rayya.

"Kasema anafanya kazi gani?"

"Muziki hafifu."

Yule bibi akamtazama kijana kwa huruma ya kweli. "Sasa kwani muziki mzuri umemshinda, mwanangu?"

Posa ilikubaliwa. Nadhani kwa huruma hiyohiyo.

Basi jueni kwamba Zahor, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye nyumba Al Khoudh, mke, studio iliyojengwa kwenye banda la gari na binti mmoja, alikuwa na haja moja tu duniani: mama yake asikilize kitu chake mwanzo mpaka mwisho, halafu alitamke lile neno kwa kh. Sauti moja ya kooni. Wanaume wengine wa umri wake wanataka gari jipya.

Sasa katika kazi zake zote, kuna moja ambayo hata yeye aliionea haya. Miaka kumi na kitu nyuma aliitwa na hospitali moja ya binafsi, ambayo jina lake tuliache lipumzike. Meneja wake, kijana aliyenyooka kama kalamu, aliitwa Muatasim.

"Tunataka muziki wa kungojea simu," Muatasim akasema. "Uwe mzuri, lakini usizidi. Mtu akiupenda sana atasahau kilichokuwa kikimuuma."

"Wa urefu gani?"

"Dakika mbili, halafu ujirudie."

"Kwa hivyo watu wanangoja dakika mbili?"

Muatasim alicheka mpaka akavua miwani.

Zahor aliutunga jioni moja baina ya alasiri na magharibi, akaupeleka, akausahau. Kusahau ndiko kunakomweka mjini mtunzi wa namna yake. Angezikumbuka nyimbo zote alizotunga angeshaingia wazimu. Nyumbani hakumwambia mtu. Chemchemi ya dukani waweza kumsimulia mama yako, angalau kuna maji. Lakini utamwambiaje kwamba umetunga kitu ambacho mtu anakisikia pale tu anaponyimwa alichokitaka?

Wala yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia tena. Afya yake ilikuwa nzuri, na miadi yote ya nyumba hupangwa na Maram. Aliyekuwa mteja mkubwa wa ile laini ni Bi Rayya, kwa ajili ya goti lake la kulia. Yeye anaishi mtaa wa pili pamoja na Semeni, mwanamke wa Handeni anayemtunza, na zikija siku za goti Semeni hupiga hospitali, akaiweka simu kwenye spika juu ya meza, na wawili hao wakaendelea kuchambua mchele. Mchele ukiisha hugeukia dengu.

Mambo yakakaa hivyo mpaka Atheer, binti yake Zahor, alipochumbiwa.

Harusi ya Maskati ina mengi, lakini kwa wanawake kuna jambo moja linalotazamwa kuliko yote: zaffa, ule wimbo unaomwingiza bibi harusi ukumbini. Taa huzimwa, milango hufunguliwa, naye hutembea pole pole, hatua na kituo, hatua na kituo, wanawake mia kadhaa wakimkagua kutoka kucha mpaka utosi. Zaffa hununuliwa. Kuna waimbaji wakubwa wa Ghuba wanaorekodi, wakatia jina la binti yako ndani, kwa sauti ileile waliyotilia jina la binti wa jirani.

"Tutanunua," akasema Bi Rayya.

"Nitatunga mimi," akasema Zahor.

Maram akashughulika na kahawa.

"Zahor, mwanangu," Bi Rayya akaanza kwa upole uliotisha, "mtoto huyu ataolewa mara moja, inshallah. Unataka aingie kama yumo kwenye lifti?"

"Bibi, mwache baba," akasema Atheer. "Mimi nataka ya baba."

"Haya. Lakini ikiwa hafifu, mimi nanyanyuka naondoka, na goti langu hilihili."

Zahor alikwenda studio akiwa mtu mwingine. Alitupa alichoandika wiki nzima. Akatafuta sauti iliyo tulivu, inayokwenda pole pole bila kuchosha, inayozunguka na kurudi ili bibi harusi akichelewa njiani isimalizike. Mtu mwingine angejiuliza mahitaji hayo kayasikia wapi. Yeye alifunga macho, akaomba Mungu, akaweka vidole kwenye kinanda, na vidole vikaenda vyenyewe. Ukaja wote kwa mkupuo mmoja. Machozi yakamtoka. Alisema hii ndiyo ilhamu wanayoizungumza watu wakubwa. Ilimchukua miaka thelathini kumfikia, bila shaka foleni ilikuwa ndefu.

Fundi wake wa sauti, Josphat, Mkenya wa Nakuru aliyekuja Maskati kufunga viyoyozi akaishia kufunga spika, alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Mzee, hii kitu ni tamu. Lakini ni kama nimeisikia mahali."

"Ndivyo kilivyo kitu kizuri, Josphat. Ukikisikia mara ya kwanza, moyo unaona umekijua siku zote."

"Sawa, mzee. Moyo." Josphat akarudi kwenye vifaa vyake.

Josphat ndiye aliyeleta kwaya ya kanisa lake la Ruwi ije kuvumisha sauti nyuma ya fidla, bila maneno, maana Zahor alikataa maneno; muziki wenyewe utasema. Wakaja Wakenya saba wakiwa wamechoka na kazi za mchana, na mmoja wao, Carol, anayeshughulika na simu za mapokezi kwenye hospitali fulani, aliushika wimbo mara ya kwanza, mzima, hata ile kona ya katikati ambayo Zahor alikuwa hajaifundisha.

"Umesomea muziki?" akamuuliza, kapigwa na butwaa.

"Hapana, mzee," akasema Carol, akimtazama kwa namna ambayo Zahor aliiona ni staha. "Mimi nausikia tu kila siku, yaani… hapa ndani." Akajigusa karibu na sikio.

Zahor alidhani kajigusa moyo, mkono ukateleza.

Maram alisikiliza mara moja jikoni. "Nzuri sana," akasema, kisha akasita. "Sijui kwa nini, naona kama nna miadi mahali." Zahor akamwambia ndiyo, miadi ya furaha. Kwa kweli mtu akiamua kutosikia, na hasa akiwa mwanamuziki, hakuna wa kumshinda.

Siku ikafika. Nikaha ilishafungwa msikitini jana yake. Wanaume walikula wali na nyama, wakasifu nyama, wakaenda zao. Usiku wa ukumbini ni wa wanawake, na mwanamume haingii hata akiwa ndiye aliyetunga, aliyelipa na aliyezaa. Simu zenye kamera nazo haziingii. Binamu wawili wa Maram, wapana kama makabati, walisimama mlangoni wakizikusanya kwenye kikapu. Kwa hivyo Zahor alifanya mpango. Semeni aingie na kisimu cha Bi Rayya, kile cha vitufe kisicho na kamera, kilichoungwa mgongoni kwa utepe, na zaffa ikianza ampigie.

Wakakaa yeye na Josphat kwenye gari, uwanja wa nyuma wa ukumbi, karibu na mapipa ya jikoni. Zahor kanzu imepigwa pasi, kilemba kimefungwa, simu juu ya dashibodi imewekwa spika.

Ikalia.

"Baba Atheer, wamezima taa!" Semeni akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi mji wa Seeb. "Mlango unafunguliwa. Jamani, mtoto kapendeza! Haya, sikilizeni."

Na muziki ukaanza. Fidla, kwaya, kinanda, kila kitu alichokihangaikia Zahor kikapita kwenye kile kitundu cha maikrofoni kilichojaa unga wa ngano, kikakaangwa, kikachujwa, kikatokea upande wa pili chembamba, cha puani, kinachokwaruza.

Hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na kitu, Zahor aliusikia muziki wake kwenye simu.

"Mzee," akasema Josphat taratibu, macho mbele. "Hii si ni ile ya hospitali?"

Zahor akaiinamia simu. Alingoja, naapa alingoja, ile sauti ya kike iseme simu yako ni muhimu kwetu. Na sauti ikaja kweli, isipokuwa ilikuwa ya bibi mmoja ndani ya ukumbi.

"Alo? Alo! Nataka daktari wa macho!"

Kicheko kikapasuka upande mmoja wa ukumbi, kikaenda upande wa pili. Al Khoudh nzima hutibiwa pale. Mwingine akapaza: "Bonyeza moja kwa Kiarabu!" Wa tatu: "Miye nshabonyeza tangu Ramadhani!"

"Semeni!" Zahor akapiga kelele. "Waambie wazime! Semeni! Zima!"

"Baba, sisikii, watu wanacheka!"

"Atheer yuko wapi?"

"Kasimama. Kasimama palepale mlangoni. Uso kauinamisha, baba."

Zahor akafungua mlango wa gari akakimbia, kilemba kikamlegea, akafika mlango mkubwa, na wale binamu wawili wakaungana kuwa ukuta mmoja.

"Wanaume marufuku."

"Mimi baba yake!"

"Ndiyo mwanamume wenyewe."

Akarudi garini, maana alikuwa hana pa kwenda, akaishika simu yake kwa mikono miwili. Binti yake amesimama gizani na gauni la urefu wa barabara, watu wanamcheka, na aliyemfanyia hivyo ni baba yake. Na mbele kabisa, kiti cha kwanza, alikaa mtu aliyeahidi kunyanyuka akaondoka.

"Uuuwi," akasema Semeni. "Bibi ananyanyuka."

Zahor akafumba macho. Akasikia fimbo ikigonga sakafu. Kicheko kikapungua, maana kila mtu anamjua Bi Rayya. Kisha ikaja sauti yake, kavu na kubwa, ya mtu aliyeshika ngoma za harusi Unguja kabla nusu ya ukumbi ule haijazaliwa. Haikuwa inafoka. Ilikuwa inaimba, na iliukalia muziki ule kama ushungi unavyokalia kichwa:

*Ningoje miye ningoje, goti langu laumia,*
*Daktari keshafika, yeye chai ajinywea.*

"Hee!" akasema Josphat. "Kumbe iko na maneno?"

Ilikuwa nayo. Miaka yote ile ya mchele na dengu, Bi Rayya na Semeni hawakuwa wakingoja bure. Semeni mwenyewe akaupokea ubeti wa pili, simu mkononi, akamtoboa Zahor sikio. Na wanawake wa ukumbi ule, ambao kila mmoja ana goti lake, au jino, au mtoto mwenye pumu, wakaanza kupiga makofi. Bi Rayya akangoja muziki uzunguke. Alijua vizuri sana utazunguka lini. Uliporudi mwanzo akageukia mlangoni:

*Tungoje sote tungoje, Atheri atuingia,*
*Hata kama achelewa, simu sote twashikia.*

Vigelegele vilivyofuata kile kisimu hakikuviweza. Kilitoa mlio kama wa chuma kikisagwa. Katikati ya mlio huo Semeni alikuwa akipiga kelele kwamba anatembea, baba, anatembea, kauinua uso, anacheka, jamani kajua kuringa. Ukumbi mzima ukaitikia twashikia, twashikia. Muziki ulipofika mwisho ukaanza tena, kama ulivyoundwa, na hakuna aliyetaka ukatwe.

Zahor alikuwa akilia na kujifuta kwa ncha ya kilemba. Josphat akatazama mapipa kwa heshima.

Kikasikika kishindo, kisimu kimebadilisha mkono.

"Zahor."

"Naam, mama."

"Ni wewe."

"Mama, mimi sikujua kama…"

"Ni wewe uliyekuwa ukiniweka pale mezani miaka yote. Nnamtafuta mtu huyo nimlaani, kumbe nimemzaa mwenyewe!"

"Samahani, mama. Ulikuwa muziki wa kungojea tu."

"Na mimi nilikuwa nnafanya nini, nacheza? N'shampigia yule daktari hata siku goti halinisumbui. Akipokea mtu mapema, Semeni hukata tukaanza upya." Akavuta pumzi. "Sasa usikate. Nna wageni."

Akaiweka simu mahali, juu ya meza labda, baina ya sahani. Zahor akabaki anasikia ukumbi kwa mbali, vikombe, makofi, na muziki wake unaozunguka. Sauti ya kizee ikauliza huko ndani nani katunga kitu hiki. Na Bi Rayya akajibu, nusu kageuka, kama mtu anayeombwa chumvi:

"Mwanangu. Hutunga muziki khafifu."

Zahor akamshika Josphat mkono. "Umesikia?"

"Nini, mzee?"

"Kh! Kasema khafifu. Kwa kh!"

Josphat akainamisha sikio karibu na simu, akasikiliza kama fundi anavyosikiliza kiyoyozi. "Mzee, sitaki kukudanganya. Hiyo inaweza kuwa laini. Tangu mwanzo inakwaruza hivyo, kh, kh, kh."

"Si laini. Ni mama."

"Basi muulize."

Zahor akaisogeza simu mdomoni. "Mama? Mama, umesemaje hapo?"

Hakuna aliyejibu. Muziki ukafika mwisho, ukajirudia. Josphat akauliza kama wakate waende wakale, na Zahor akainua kidole kumnyamazisha, akalaza kiti nyuma, akajiweka sawa kungoja.